Chozi Mwenye Uzi Mguuni

Mzee Kirumbi alikuwa bingwa wa ndege wa mji mzima, cheo alichokipata kwa kukosa mpinzani. Mama Sikudhani alimwekea picha mezani: ndege mdogo mwenye koo la zambarau, ameelea hewani mbele ya ua, akinyonya.

“Niandikie jina lake, mzee. Akiwa yule chozi mnayesema amekwisha, sheria inamlinda, na kesho matrekta hayaingii bondeni kwetu.”

“Amekwisha kweli, mama. Wa mwisho nilimpiga risasi mwenyewe, nikamkausha. Yumo humu kwenye droo.”

“Basi huyu niliyempiga picha jana asubuhi ni nani, shangazi yake?”

Mzee alichukua kioo cha kukuzia. Mguuni pa ndege wa kwenye picha palikuwa pamefungwa uzi, na kwenye uzi kilining'inia kikaratasi chenye mwandiko wake mwenyewe.

Alifungua droo. Ndege alilala chali juu ya pamba, uzi na kikaratasi kilekile mguuni, kama miaka thelathini yote. Ila mdomo wake ulikuwa na chavua mbichi.

Mzee aliandika jina, akatia sahihi na mhuri, akamkabidhi mama karatasi. Droo hakuifunga. Alifungua dirisha, kisha akaketi akiipa droo mgongo, kama mtu anayempisha mgeni avae.