Mkono wa Mumewe

Kule ng'ambo kwa kina Marit, Athumani alimshika mkono popote, hata kwenye foleni ya mkate. Lakini tangu amlete mkewe huku kwenye mji aliozaliwa, wakivuka kizingiti tu, mkono ule huchomoka kama uliogusa jungu la moto.

Jioni ile, wakielekea sokoni, walikutana na Kibwana, rafiki wa Athumani tangu utotoni, akiwa na mkewe Mwanahawa. Wanaume walipeana mikono na mikono haikuachana tena. Wakatangulia, kidole kidogo kimenasa kidole kidogo, wakicheka. Marit akafuata na kikapu, akiwaonea wivu.

"Mbona yeye unamshika?" alifoka, watu wakageuka.

Athumani aliduwaa. "Nani, Kibwana? Huyu si ni ndugu yangu! Wewe ni mke wangu, Marit. Watu watasemaje?"

Mwanahawa akakipokea kikapu, na kwa mkono wake wa pili, wenye hina mpaka kwenye kiganja, akaushika mkono wa Marit. "Waache hao, mwenzangu. Twende zetu."

Wakawapita waume zao. Mwanahawa alimnong'oneza jambo na Marit, aliyekuwa karibu kulia, akaangua kicheko.

Nyuma yao kicheko cha wanaume kilikatika.

"Mnacheka nini?" Athumani akauliza.

Wanawake wakazidi kucheka. Marit alipotupa jicho nyuma, aliuona mkono wa mumewe umening'inia, mtupu, na macho yake yameganda kwenye vile vidole vya hina vilivyoushika mkono wa mkewe.