Mfalme Kobe na Kibao Chake

"Shilingi arobaini! Kuingia kwenye kiota changu mwenyewe?" Kanga alifoka mlangoni pa msitu. "Nilitoka kunywa maji tu, na mayai yangu yanapoa humo ndani!"

Nguchiro, bawabu asiyejua kupindisha neno, alimwonyesha kibao: kila anayeingia alipe arobaini. Wa kusamehe wengine ni mfalme tu, na mfalme mwenyewe hatajisamehe.

Kibao hicho alikiandikisha Mfalme Kobe, mwenye miaka mia tatu. Maneno ya mwisho aliyaongeza kwa maringo tu, maana hajawahi kutoka msituni hata siku moja. Aliposikia kelele akaja, polepole, akasimama kizingitini.

"Nani anamfokea bawabu wangu?"

"Sikusikii, Mtukufu," alisema Kanga, akirudi nyuma hatua moja. "Masikio yangu madogo."

Kobe akasogea, akapaza sauti. Kanga akarudi tena. Kobe akasogea tena, shingo imemtoka yote kwa hasira.

"Ahaa, sasa nasikia! Lakini wewe ni mfalme kweli? Mbona uko nje kama mimi?"

"Mimi ni mfalme popote! Nguchiro! Mpitishe huyu bure, ajue nani anatawala!"

Nguchiro akafungua. Kanga akaingia mbio, anacheka mpaka manyoya yanapeperuka, akayalalia mayai yake. Kobe naye akageuka, akajikokota hadi mlangoni, akakuta mkono umenyooshwa.

"Ni mimi, mpumbavu wee!"

"Nakuona, Mtukufu. Shilingi arobaini."