Kasuku na Mrihani wa Hekalu

Palikuwa na Kasuku katika hekalu la Krishna, aliyeliimba jina la Mungu wake kutwa kucha. Kila mara Njiwa alipopita kimya, Kasuku alimsuta: "Dada Njiwa, hata jina la Mola wako hulitaji?" Njiwa hakumjibu kamwe.

Siku moja Mwewe akamnyakua Njiwa, na haukupita muda mrihani mtakatifu wa uani ukaanza kunyauka.

"Nani alikuwa akiumwagilia?" Kasuku alimuuliza Kindi.

"Njiwa. Alileta maji kwa mdomo toka kisimani."

Kasuku akaruka hadi kisimani, akajaza mdomo. Njiani akaanza kuimba kama alivyozoea, maji yote yakamwagika. Akarudi, akajaza tena, akafumba mdomo. Alipofika pale alipokuwa akimsuta Njiwa, alitamani kumwomba radhi, lakini mdomo ulikuwa umejaa maji.