Kifundo Laini

Programu ya kuchorea miguu ya bandia ilikuwa imekipaka kifundo kizima rangi nyekundu.

“Imekataa, Bi Tunu,” alisema fundi Zaharani. “Ukichanganya mpira na plastiki hapo, kifundo kitapinda mno. Inataka pawe pagumu tupu.”

“Imeshawahi kukaa mkekani hiyo programu yako?”

Miaka sita sasa, harusini na matangani, Tunu alikuwa akiwekewa kiti yeye peke yake kama mgeni rasmi, wenzake wote wako chini wanacheka, kisa mguu wake wa bandia usiokunjika. Akamnyang’anya fundi kipanya cha kompyuta, akapaka mpira juu ya ile nyekundu, chembe kwa chembe, akiacha plastiki ngumu katikati tu kama mfupa. Onyo likatokea mara tatu. Mara tatu akalifuta.

“Chapa.”

Mashine ya kuchapa ilipomaliza kuujenga mguu, aliuvaa ungali na joto. Zaharani akamsogezea kiti haraka. Tunu akakipiga teke kwa mguu huohuo mpya, kikaanguka chali, naye akaanza kujishusha sakafuni taratibu, kifundo kikilia, kikipinda, kikizidi kupinda.