Tui la Kwanza

Himid alisimama mlangoni pa jiko, jasho la kunyanyua vyuma kule Tibirinzi halijamkauka, akamwona mama yake, Bi Mwanawema, akikamulia tui la kwanza ndani ya kikombe chake yeye Himid cha unga wa protini.

Tui zito, jeupe, lilimchuruzika mama kati ya vidole.

"Mama, watia nini humo?"

"Tui. Unga mkavu vile, mwanangu, utakukwama kooni."

"Tangu lini?"

"Tangu uso ulipoanza kukusinyaa."

Kumbe ndiyo sababu. Mikono ilikuwa imekaza, lakini mizani ilikataa kushuka, na daktari alishamwambia wazi kwamba sukari yake haitatulia mpaka mwili upungue. Akafungua kinywa amweleze.

"Babako naye alianza hivi hivi," alisema Bi Mwanawema bila kuinua macho. "Alikonda uso, akakonda shingo. Watu wakasema sukari. Mie n'kamtazama tu, hata akaisha."

Himid akayaacha maneno ya daktari. Alichuchumaa, akaushika mkono wa mama unaoteleza kwa tui, akauweka juu ya msuli wa mkono wake mwenyewe, kisha akaukaza msuli.

"Bonyeza."

Mama akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Nyama hii?"

"Nyama, mama. Kinachoondoka ni mafuta. Mie nipo."

Bi Mwanawema alikisogeza kando kile kikombe, akajifuta mikono kwa kanga, akachukua kikombe kingine.

"Maji ya unga wako," akauliza, "yawe baridi au moto?"