Sindano ya Mwalimu Godson

Mwalimu Godson alihesabu hadi hamsini. Kila alipohesabu aliburuza sumaku juu ya sindano ya kushonea, kutoka tunduni hadi nchani, akaiinua, akaanza tena tunduni. Upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Alipomaliza sindano akachukua pini ya nywele, halafu wembe.

"Vitasaidia?" aliuliza Bibi Asnath. Alikuwa anafunga nguo zake kwenye kitenge, maana hakuwa na imani na sindano wala wembe.

"Vitasaidia, bibi."

Bibi huyu ndiye aliyempa chumba tangu 2013, serikali ilipomtoa kwao Rombo na kumtupa Kasulu kufundisha sayansi, na alimpikia kana kwamba amemzaa. Mwaka huu alikuwa amezika wajukuu wawili ndani ya mwezi mmoja. Kitongoji kikamwita mpiga ramli aitwaye Venanti. Venanti akaketi uwanjani, akaomba beseni la maji, akalaza sindano juu ya jani linaloelea. Sindano ikazunguka, ikatulia, ikauelekea mlango wa Bibi Asnath.

Walimpa hadi Jumamosi awe amehama, la sivyo wangemchoma humohumo ndani. Ahamie wapi, na miaka yake sabini? Leo ilikuwa Ijumaa. Polisi walishamwambia Godson kwamba gari halina mafuta.

Sumaku ilikuwa ya Stanislaus, fundi baiskeli, jirani wa ng'ambo ya shamba la mihogo. Aliichomoa kwenye spika ya redio mbovu, akawa anaokotea gololi zikimwagika mchangani. Katika kitongoji kizima ni yeye peke yake aliyethubutu kuingia kwa bibi wiki ile. Wengine waliogopa hata kumwomba moto.

Saa nane mchana watu walijaa uwanjani. Venanti hakuwepo, alikwisha kwenda Kibondo kuwatafutia wengine wachawi wao. Godson akaweka beseni palepale alipoketi Venanti, akalaza sindano yake juu ya jani. Ikazunguka, ikatulia, ikaelekea kwa Bibi Asnath. Akaweka pini. Kwa Bibi Asnath. Akaweka wembe. Kwa Bibi Asnath.

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akafunika uso wa mtoto wake. Godson akatabasamu, kama watabasamuvyo vijana waliosoma wakiwa na jibu mfukoni.

"Chuma kilichosuguliwa na sumaku hutazama kaskazini siku zote," alisema. "Nyumba ya bibi iko kaskazini ya uwanja huu, basi. Sasa tulibebe beseni, mjionee."

Stanislaus akalibeba mwenyewe, maji yakimchuruzikia tumboni. Wakapita ubavuni mwa nyumba ya bibi, wakaenda nyuma kabisa, hadi ukingoni mwa shamba la mihogo. Godson akalaza sindano. Ikazunguka, ikaipa nyumba ya bibi mgongo, ikatazama mbele, ng'ambo ya shamba.

Leonidasi, mwenyekiti wa kitongoji, akachutama karibu na beseni.

"Mwalimu, hii yako haidanganyi?"

"Haidanganyi, mwenyekiti. Haimjui mtu, haimwonei mtu. Ya Venanti nayo ilikuwa sindano tu. Ujanja wake ulikuwa kuchagua pa kuketi."

"Hebu rudia."

Godson akarudia kwa pini, akarudia kwa wembe. Vyote viliiacha nyumba ya bibi, vikatazama kulekule mbele.

"Kwa hiyo bibi hana kosa," alisema Leonidasi taratibu.

"Hana kosa lolote. Twendeni tukajaribu na kule mbele, mwone tena."

"Inatosha, mwalimu. Tumeona kwa macho yetu."

Stanislaus akapiga makofi. Alipiga peke yake, kisha akaona haya, akaacha. Watu wakatawanyika kimyakimya bila kuagana, na Godson akafurahi kuona wanatafakari. Tangu aanze ualimu hakuwahi kufundisha somo likaeleweka haraka namna ile.

Bibi Asnath alipoambiwa alikaa chini, palepale jikoni. "Wakoze, mwanangu," alisema kwa Kiha chake, akalia, akashukuru tena. Kisha akafungua kitenge, akatoa vyombo vyake, akasonga ugali wa muhogo, akaunga maharage kwa mawese. Godson alikula kwa raha. Kwa mara ya kwanza tangu aje Kasulu hakuwaza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Alimtengea Stanislaus sahani yake, akaifunika, akamwambia bibi kwamba fundi atapitia akimaliza kazi.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Leonidasi, jasho linamtoka, anajifuta masizi ya mikono kwenye suruali.

"Bibi, utusamehe sana. Yule Venanti ni tapeli, angetutia kwenye damu ya mtu asiye na kosa." Akamgeukia Godson, akampa mikono yote miwili. "Na wewe mwalimu, ahsante. Tumetoka kwa Stanislaus sasa hivi, imekwisha. Alikuita sana uje, lakini tukasema usisumbuliwe, unakula."