Tawi la Rangi Mbili

Bi harusi Msimu alificha mikono chini ya kanga, hadi Bi Tatu, fundi wa kupaka hina, alipoivuta kanga mwenyewe. Mabaka meupe yalikuwa yametanda toka vidoleni hadi viwikoni.

"Yafunike yote kwa rangi nyeusi ya piko, bibi. Wakwe wakiyaona wataogopa kunishika, watasema nitawaambukiza."

"Mbalanga haiambukizi, mjukuu wangu. Rangi imehama tu, ngozi ni ile ile. Nimeshika mikono mingapi kama hii, mbona mimi bado ni mweusi kama chungu?"

Msimu akacheka kwa shida. Bi Tatu hakugusa piko. Alichora tawi la asumini kwa hina, likaanzia kwenye weusi likatambaa hadi kwenye weupe, wakangoja likauke.

Walipoibandua hina, wote wawili waliinama kuitazama. Penye weusi tawi lilikuwa la kahawia, limefifia. Penye weupe liliwaka jekundu kama komamanga lililopasuliwa.

"Subhanallah," akanong'ona Bi Tatu. "Nimezeeka nikipaka hina, kumbe rangi yake halisi sikuwahi kuiona."

Mlangoni wakwe wakapiga hodi. "Tuonyesheni mikono ya bi harusi!"

Msimu aliitazama kanga pale sakafuni. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kuelekea mlango uliokuwa ukifunguka.